Farasi anapita kitu vizuri akienda, akirudi anakishtukia. Macho yake yanaonaje hasa?

Saisi_UsaRiver aliandika:

Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kwa waliofuga farasi au waliosomea mambo ya mifugo.

Nafanya kazi ya usaisi kwenye shamba moja huku Usa River, tunatembeza wageni na kufundisha watoto kupanda. Kuna jike mmoja wa makamo mtulivu sana, ndo huyo tunampa hata mtoto ambae hajawahi kukaa kwenye tandiko. Sasa kwenye njia yetu kuna dumu la bluu la maji liko pembeni ya uzio wa michongoma. Tukienda analipita kama halipo, tukirudi kwa njia ileile anasimama ghafla, kichwa juu, masikio mbele, anapuliza pua kwa nguvu alafu anaruka kando, juzi nusura amwangushe mtoto wa watu. Dumu ni lilelile na halijasogezwa hata kidogo.

Jambo lingine, akitoka juani kuingia bandani anagoma mlangoni. Mwenzangu huwa anamvuta hatamu mpaka lijamu inamkwaruza mdomo, anasema huyu mnyama ana kiburi, mimi roho inaniuma kwa kweli mana namjua sio mkorofi. Na cha kushangaza jioni giza likishaingia, mimi mwenyewe siioni njia, yeye anatembea na kukwepa mashimo bila shida yoyote.

Sasa huyu anaona au haoni? Nimesikia mengi, wengine wanasema anaona kila kitu kikubwa kuliko kilivyo ndio maana anamtii binadamu, wengine wanasema haoni rangi kabisa. Naomba anaejua jicho lenyewe lilivyoundwa anieleze, sio hadithi za kijiweni. Natanguliza shukrani.

Mzee_wa_Meru alijibu:

Kijana hiyo ni kawaida ya farasi. Nilivyoambiwa mimi na mzungu mmoja niliefanya nae kazi zamani ni kwamba ubongo wa farasi una pande mbili ambazo haziongei, alichokiona kwa jicho la kulia jicho la kushoto halina habari nacho. Kwaiyo kila kitu inabidi umfundishe mara mbili, kulia na kushoto. Fanya hivyo atazoea.

DktKwato alijibu:

Saisi, jike wako hana kiburi, anafanya kile ambacho jicho lake linamwambia. Nitaandika kirefu kidogo mnivumilie, mana nilipokuwa nasoma udaktari wa mifugo pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro somo la macho ndilo lililonivuta kuliko yote na mpaka leo kila nikimshika farasi naanza na macho.

Jicho la farasi ni miongoni mwa makubwa kabisa kwa wanyama wa nchi kavu, kipenyo chake kinazidi milimita 40 wakati la kwetu ni kama 24. Alafu yamekaa pembeni ya kichwa, kwaiyo akisimama tu bila kugeuka anaona karibu mzunguko mzima, kati ya nyuzi 330 na 350 katika zile 360. Kinachobaki gizani ni kipande chembamba nyuma ya mkia, na kingine mbele ya paji la uso kushuka mpaka chini ya pua. Hata nyasi anazozing'ata hazioni, anazitambua kwa midomo na zile sharubu ndefu. Ndio maana wanaomnyoa farasi sharubu ili apendeze wanamnyang'anya kitu cha muhimu sana, Ujerumani walishapiga marufuku zamani na shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, FEI, nalo likakataza kuanzia Julai 2021. Kama hapo shambani mnanyoa tafadhali acheni.

Upana huo una gharama yake. Eneo ambalo macho yote mawili yanaona kwa pamoja ni la mbele tu, nyuzi 65 mpaka 80 hivi, kwingine kote anaona kwa jicho mojamoja. Na kwenye retina, ile ngozi ya ndani inayopokea picha, sisi binadamu tuna kidoa kidogo katikati chenye kuona kwa ukali, ndicho unachokitumia sasa hivi kusoma hapa. Farasi hana kidoa, ana ukanda mrefu uliolala, umejaa seli za kupeleka taarifa kwenye ubongo, na umekaa sambamba na ardhi. Kwaiyo chochote kinachosogea pale ardhi inapokutana na anga anakipata mapema sana, kulia na kushoto kwa wakati mmoja, lakini kitu kilichoko juu au chini ya ukanda huo kinafifia. Akiinua kichwa ghafla mbele ya dumu anatafuta kulileta hilo dumu kwenye ule ukanda na kwenye eneo la macho mawili. Mkimbana kichwa kwa hatamu wakati huo mnamzuia asikitazame kile kinachomtisha, sasa hofu itaisha vipi?

Mboni nayo imelala, jua likiwa kali inafinyika mpaka inakuwa kama tundu la kutumbukizia sarafu kwenye kibubu. Inaruhusu mwanga wa pembeni uingie kwa wingi, mwanga wa kutoka juu inaupunguza, na mistari ya mlalo ya ardhini inabaki mikali hata ikiwa umbali tofauti, jambo ambalo mnyama anaekimbia kwenye mawe na mashimo analihitaji sana. Martin Banks wa chuo kikuu cha Berkeley na wenzake walichapisha mwaka 2015 utafiti wa maumbo ya mboni kwa aina 214 za wanyama wa nchi kavu, wakaonyesha kwamba wenye mboni za kulala mara nyingi ni wale wanaowindwa na macho yao yako pembeni, wenye mboni za kusimama mara nyingi ni wawindaji wa kuvizia. Kitu kilichonifurahisha zaidi ni kwamba farasi akiinama kula, macho yanazunguka ndani ya kichwa, la kulia kivyake na la kushoto kivyake, mboni zibaki sambamba na ardhi. Mtazame anapokula utaliona hilo kwa macho yako mwenyewe.

Tukija kwenye lenzi, misuli ya kuikaza ni dhaifu, uwezo wake wa kubadilisha fokasi haufiki hata diopta 2 (diopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), wakati mtoto wa binadamu anazidi 10. Vitabu vya zamani vilidai retina ya farasi imejengwa mteremko, kwamba anapandisha na kushusha kichwa ili picha iangukie sehemu yenye umbali unaofaa. Sivak na Allen wakapima mwaka 1975 wakakuta mteremko huo haupo, lakini mpaka leo utaisikia hiyo hadithi kwenye mabanda mengi.

Na ukali wa kuona sio mbaya kama watu wanavyodhani. Timney na Keil kule Kanada mwaka 1992 waliwafundisha farasi kuchagua kati ya kibao chenye mistari na kisicho na mistari, wakawa wanaipunguza mistari unene mpaka farasi washindwe. Kwa hesabu zao, kitu ambacho mtu mwenye macho mazima anakitambua akiwa futi 30, farasi inabidi asogee mpaka futi 20. Kwa mnyama hilo ni jicho zuri sana, mbwa na paka hawamfikii. Ila dumu lililoko kwenye kivuli cha michongoma, akiwa mbali bado ni umbo tu lisilo na kingo.

Sasa mzee wangu wa Meru, shikamoo, hilo la ubongo kugawanyika watu wengi wanalisema hata wakufunzi wakubwa, lakini lilishapimwa. Evelyn Hanggi kule Marekani mwaka 1999 aliwafunika farasi jicho moja, akawafundisha kuchagua picha kwa jicho lililobaki, alafu akahamisha kifuniko, na jicho la pili likajibu vizuri bila kufundishwa upya. Ubongo unapashana habari. Kinachomsumbua huyu jike ni kwamba dumu lina sura nyingine likitazamwa kutoka upande wa pili. Chuo kikuu cha Colorado State walitoa utafiti mwaka 2021, waliwazoesha farasi jumba la plastiki la kuchezea watoto mpaka wakawa wanalipita bila wasiwasi, kisha wakaligeuza nyuzi 90 tu palepale lilipo, na farasi wakalishtukia kama kitu kigeni. Ushauri wa kumfundisha pande zote mbili unabaki kuwa mzuri sana mzee, sababu yake ndio tofauti.

Na inaelekea wakati wa kurudi dumu linakuwa kushoto kwake, sijui kama nimepatia? Austin na Rogers huko Australia, 2007, waliwafungulia farasi mwavuli kutoka kulia na kutoka kushoto, wakaona wanashtuka zaidi kikija kwa kushoto.

Kuhusu giza. Retina ina seli za aina mbili kubwa, vijiti vya kuona kwenye mwanga hafifu na koni za rangi na ukali wa mchana. Farasi ana vijiti vingi mno, kama 20 kwa kila koni moja, na nyuma ya retina, nusu ya juu, ana utando unaorudisha mwanga, tunauita tapetamu. Mwanga uliopita bila kunaswa unagonga pale unarudi kupita tena kwenye seli, ndio ule mng'ao wa kijani na bluu unaouona ukimmulika usiku. Tapetamu iko nusu ya juu kwasababu picha kwenye jicho inaangukia kichwa chini miguu juu, kwaiyo nusu ya juu ndio inayopokea ardhi ambako ni kweusi, nusu ya chini inapokea anga ambayo ina mwanga wa kutosha na haihitaji msaada. Huyohuyo Hanggi pamoja na Ingersoll walionyesha mwaka 2009 kwamba farasi wanatofautisha maumbo kwenye giza ambalo binadamu waliokuwemo mle ndani walikuwa hawaoni kitu.

Ila macho hayo yanachelewa kuzoea mwanga unapobadilika, yanachelewa kuliko ya kwetu. Juani mboni imefinywa na vijiti vimechoka kwa mwanga, alafu unamwambia aingie kwenye mlango mweusi, yeye pale mbele anaona shimo. Weka taa ndani ya banda, au fungua dirisha la upande wa pili apate mwanga wa kutokea mbele, msimamishe kivulini karibu na mlango dakika kadhaa ndio umwongoze. Hatamu ilegezwe. Kumvuta mdomo kunaongeza hofu tu.

La kuona vitu vikubwa, chanzo chake nadhani ni kwamba jicho lake ni refu kwaiyo picha inayotua kwenye retina ni kubwa kuliko kwetu, kama mara moja na nusu. Watu wakachukua hesabu hiyo wakasema anamwona mtu kama jitu. Ubongo haupimi ukubwa wa kitu kwa milimita za picha, ingekuwa hivyo farasi angejigonga kila mlango na asingeruka hata mtaro.

Saisi_UsaRiver alijibu:

Daktari Mungu akubariki, nimesoma mara mbili na nimemsomea mwenzangu kwa sauti. Ni kweli kabisa, tukirudi dumu linakuwa kushoto kwake. Naomba kuuliza tena mawili, kwenye rangi hujagusa, sisi hapa milingoti ya kurukia tumeipaka rangi ya machungwa ili ionekane. La pili, ndani ya jicho lake pale juu ya mboni kuna kama vinyama vyeusi vinaning'inia, vina mikunjomikunjo, niliviona nikaogopa, isije ikawa ni uvimbe?

Ngong_Gallop alijibu:

Sasa wasee, acha niingie hapo kwa rangi mana hiyo ndio kazi yangu. Mimi nimekaa na farasi wa mbio hapa Nairobi miaka mingi, asubuhi mapema tuko Ngong Racecourse tunawakimbiza kabla jua halijapanda.

Farasi anaona rangi, wacha nani akudanganye. Lakini yeye ana koni aina mbili, sisi tuna tatu. Moja inashika bluu, kilele chake kama nanomita 428 (hicho ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga), ingine iko kwa kijani karibu na manjano, kama 539. Hana ile ya tatu ya kutenganisha nyekundu na kijani. So bluu anaiona poa, manjano anaiona poa, lakini nyekundu, machungwa na kijani cha nyasi kwake zinaenda karibu rangi moja, kitu kama manjano iliyochafuka ama kahawia. Sasa wewe umepaka mlingoti machungwa ukauweka juu ya nyasi ya kijani, wewe unauona ukiwa mbali kabisa, yeye amefichiwa.

Na hii sio nadharia. Uingereza walikuwa wametumia machungwa kwa vizuizi vya mbio miaka na miaka, juu ya viunzi na kwa ule ubao wa chini unaomwonyesha farasi pahali pa kuruka. Watafiti wa chuo kikuu cha Exeter, Sarah Paul na Martin Stevens, wakaenda kwa viwanja wakapima hizo rangi vile jicho la farasi linazipokea, wakapata machungwa inazama ndani ya mandhari, nyeupe, manjano inayong'aa na bluu ndio zinatokea. Wakajaribu na farasi wenyewe wakaona rangi ikibadilika hata vile farasi anaruka inabadilika, pembe ya kuondoka na umbali. Baada ya hapo mamlaka ya mbio huko Uingereza ikaamua machungwa itolewe iwekwe nyeupe, na mwaka 2022 ndio walianza kubadilisha. Mimi nilifurahi sana kusoma hiyo, mana tumezika farasi wengi waliovunjika mguu kwa kuruka vibaya na kila mara lawama inaenda kwa jokii ama kwa farasi mwenyewe.

So chukua rangi nyeupe. Dumu lako la bluu nalo ndio moja ya vitu anaviona vizuri zaidi kwa hiyo njia yote, kila kitu kingine hapo ni majani, udongo na michongoma ya rangi moja kwake alafu kunatokea hicho kitu kinang'aa peke yake. Kama hamlihitaji litoeni.

Ingine, kuhusu kuruka. Farasi akikaribia kizuizi kabisa, kinaingia kwa ile sehemu ya mbele ya uso ambayo hawezi kuona. Anaruka akitumia kile alichopima akiwa nyuma kidogo. Ndio unaona farasi mzuri anainua kichwa, anageuza kidogo, anapima, alafu anaenda. Mtoto akimvuta kichwa kifuani wakati huo amemzima macho. Waambie hao watoto mikono iende mbele na shingo ya farasi.

Na kwa mbio tuko na kitu tunavalisha wengine juu ya pua, mkunjo mnene wa manyoya ya kondoo. Kazi yake ni kumkinga asione kivuli chake na vivuli vya wengine hapo chini miguuni, kuna farasi anaruka kivuli akidhani ni shimo. Pia kuna vile vikombe vya kando ya macho, hivyo vinamkata mtazamo wa nyuma ndio asiendelee kuangalia wanaomfuata. Mimi binafsi sivipendi kwa farasi wa watoto. Unamnyima nyuma, alafu mtoto anakuja kumgusa mgongo bila kuongea, atapigwa teke tu.

BintiShela alijibu:

Nimepita nikaona mada nikavutiwa, mimi farasi sina, niko Lamu na kwetu ni punda. Lakini haya asemayo daktari twayaona kila siku, punda naye macho yake yako pembeni na mboni yake imelala vivyo hivyo.

Ndugu yangu Saisi, usiku usimmulike taa ya simu usoni mnyama wako. Hapa mjini vichochoro ni vyembamba na giza, punda yuaenda mwenyewe na mzigo wake wa mchanga, hajigongi, hakosei mlango. Akija mtalii akamwashia taa machoni, asimama palepale kama amepigwa, na ukimlazimisha yuajikwaa kwa sababu sasa haoni tena. Baba yangu mzee alikuwa akitukataza tangu tu wadogo, alikuwa akisema mwacheni na macho yake. Taa ishike chini miguuni kwako, au izime kabisa.

Na kitu kingine ambacho nakiona ni muhimu sana, mtu asimjie mnyama kwa nyuma kimya. Daktari amesema pale nyuma ya mkia hapaoni. Sisi twaanza kwa kumwita akiwa mbali, twamjia kwa ubavuni karibu na bega, mkono waanza shingoni. Watoto wangu nimewafundisha hivyo kabla hata hawajajua kufunga kamba. Na msimguse ghafla usoni katikati ya macho, pale napo haoni, mkono watokea tu kama umetoka hewani.

Abu_Faras_Maskati alijibu:

Assalaam alaykum jamaa. Mimi niko Maskati, wazee wangu walitoka Unguja, na huku Ghuba farasi ni mapenzi ya watu, kila kijiji utakuta mtu ana wawili watatu nyuma ya nyumba.

Naongeza kuhusu mwanga wa taa. Huku joto la mchana la miezi ya kiangazi halibebeki, kwaiyo mazoezi mengi ni alfajiri au usiku, na hata mbio kubwa kama zile za Meydan kule Dubai zinakimbiwa chini ya taa. Farasi mgeni akifika kutoka Ulaya ambako amezoea kukimbia mchana, taa zenyewe hazimpi taabu sana, taabu inakuja pale anapotoka kwenye giza la njia ya mabanda kuingia uwanjani kwenye mwanga mkali, au mwisho wa mbio anaporudi gizani. Mkufunzi mzuri anamtembeza taratibu pale mpakani, amsubiri. Nimeona watu wanamharakisha na nimeona farasi anaanguka kwenye mtaro mdogo tu ambao mchana angeupita akiwa usingizini. Na taa zikiwa nne pembe nne za uwanja kila farasi ana vivuli vinne, huyo ndugu wa Nairobi amesema kweli kabisa kuhusu vivuli.

Jambo lingine, gari la kubebea farasi. Watu wanalalamika farasi wao hapandi gari. Ukienda unakuta gari limeegeshwa limegeukia kwenye jua, ndani kweusi, unamtaka apande ngazi ambayo iko chini ya pua yake haioni, aingie kwenye giza ambalo macho yake bado hayajalizoea. Sisi tunawasha taa ya ndani na tunafungua kile kidirisha cha mbele. Tunamwacha ashushe kichwa anuse ile ngazi kadiri anavyotaka. Wallahi wengi wanapanda wenyewe.

DktKwato alijibu:

Asanteni wote, Ngong_Gallop kwenye rangi umemaliza, nami naongeza kidogo tu kwamba mwanga ukipungua mpaka kufika wa mbalamwezi rangi zinampotea kama zinavyotupotea sisi, wenzetu wa Sweden walipima hilo mwaka 2008, kwaiyo jioni kinachomsaidia ni tofauti ya weupe na weusi. Nyeupe inafaa mchana na jioni pia.

Saisi kuhusu vinyama vyeusi usiogope. Vinaitwa kopora nigra, ni sehemu ya kawaida ya jicho la farasi, vinaota kwenye ukingo wa mboni hasa ule wa juu. Kazi yake ni kukinga jua la utosini, mboni ikifinyika vinaingia katikati na kupunguza mwanga. Kila farasi anavyo, vikubwa kwa wengine vidogo kwa wengine, na ukimtazama punda utaviona pia. Vikianza kukua kupita kiasi mpaka vikaziba mboni, au kimoja kikawa kivimbe laini cha duara, hapo mwite daktari apime.

Cha kuogopa ni kingine. Ukimkuta ana jicho moja amelifumba nusu, kope zimeelekea chini, machozi yanatiririka, mboni imefinyika sana hata akiwa kivulini, au konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, imekuwa na ukungu wa bluu au weupe, hiyo ni dharura. Inawezekana ni kidonda cha konea, inawezekana ni uvimbe wa ndani ya jicho ule unaoondoka na kurudi, yuveitisi, ambao duniani kote ndio unaoongoza kuwapofusha farasi. Unaporudi kila mara unaacha kovu, watu wanadhani amepona kumbe jicho linakwisha polepole. Usimtie dawa ya macho iliyobaki kabatini, hasa zile zenye steroidi, kama konea ina kidonda dawa hiyo inaweza kulitoboa jicho. Mtoe juani, mfunike uso na kile kitambaa cha wavu cha kuzuia inzi, piga simu usiku uleule.

Na mpime kila jicho peke yake. Simama ubavuni, peleka kiganja taratibu kuelekea jicho bila kupunga hewa mana upepo tu utamfanya apepese, uone kama anapepesa kwa kuona mkono. Fanya kulia, fanya kushoto. Jike anaeshtukia vitu vya upande mmoja tu kila mara, nisingependa tumalize mada hii kwa nadharia bila kuhakikisha kwamba jicho hilo la kushoto ni zima.

Saisi_UsaRiver alijibu:

Daktari nimefanya hivyo jioni hii kabla ya kuwapa majani, anapepesa macho yote mawili na machozi hakuna, vile vinyama viko kote kulia na kushoto vinafanana. Ila la kushoto nimeona mboni imefinyika kidogo kuliko ya kulia, sijui ni kwa vile alisimama jua la magharibi likimpiga upande huo. Kesho asubuhi nitamweka kivulini nitazame tena, na daktari wa mifugo wa huku nimeshampigia, kasema atapita Alhamisi. Dumu tumeliondoa. Bosi amekubali tununue rangi nyeupe, na mwenzangu ameshafunga balbu ndani ya banda.